Nchi ya Makofi

Sogeeni mnaosikia, na mnaolea sogeeni zaidi. Hii si hadithi ya kubembelezea usingizi. Ni habari ya Mashavu binti Kombo na mwanawe Chausiku, na ya nchi waliyoingia kwa miguu yao wenyewe, bila kuvutwa na mtu, wakatoka humo wamepungua.

Chausiku alikuwa na miaka mitano, na alikuwa na maswali. Sisemi yale maswali mawili matatu ya mtoto anayetaka kubebwa. Maswali! Kwa nini moshi hauanguki? Kwa nini kuku akinywa maji hutazama juu, anamshukuru nani? Ndizi haina mbegu, sasa mgomba unajuaje kuzaa? Mashavu alikuwa mfua nguo za watu, na kila swali lilimkuta mikono imejaa povu. Jibu lake lilikuwa "Ngoja." Hizo ngoja zikajaa ndani ya nyumba mpaka hazina pa kuwekwa.

Lakini usimwone mama huyu kuwa hakujali. Kujali ndiko kulikomponza. Yeye shule aliishia darasa la saba, na kitu alichotoka nacho kwa uhakika ni woga wa kunyanyua mkono. Alimtazama mwanawe akiuliza, akaona kiganja cha mwalimu kinakuja. Akajisemea: huyu wangu, kwa mdomo huu, watamuua.

Basi siku moja bombani, ndoo zimepangana, maji yanatoka kama yanadaiwa, mwanamke mmoja akasema, "Jamani, iko nchi watoto wa chekechea wanasomeshwa kwa makofi tu. Mtoto wa miaka mitano anahesabu mpaka mia kama anavyopumua."

"Kwa makofi?" Mashavu akadakia. "Hata sisi tulisomeshwa kwa makofi. Mbona hatukufika huko?"

"Na wewe hilo jina la Mashavu ulipewa kabla ya shule au baada?" mwingine akatupia, na bomba zima likacheka.

"Sio hayo, nyie! Makofi ya kushangilia. Mtoto akipata, anapigiwa makofi. Akikosa haguswi, anaambiwa jaribu tena. Na anayefundisha si mtu, ni kompyuta. Ina michezo ndani. Mtoto anacheza, kumbe anasoma."

Wenzake walirudi kwenye habari za bei ya sabuni. Mashavu akabaki hapo hapo kwenye lile neno. Kofi lisilouma! Miaka yote hakujua kama kofi linaweza kuwa na upande wa pili. Akafunga kanga zake, akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Safari yenyewe siielezi. Njia ya kwendea unachokitamani huwa haina mawe. Mawe utayaona ukirudi.

Mlangoni mwa nchi ile walimkuta afisa mtu mzima, ndevu zina mvi, amebandikwa nyota za karatasi ya dhahabu kifuani, mabegani, hata moja kwenye paji la uso. Aliwatazama kwa upole ambao Mashavu hajawahi kuuona kwa mtu mwenye sare.

"Karibuni," akasema. "Mmekuja kwa amani, kwa vita, au kwa papai?"

Mashavu akadhani masikio yamemchezea. "Shikamoo baba. Nimemleta mwanangu kusoma."

Afisa akatoa mlio puani, "Tuu!" kama birika linaloanza kuchemka. Kisha, bila hasira hata chembe, "Jaribu tena."

"Huyu hapa mwanangu, nasikia huku kwenu mna—"

"Tuu! Jaribu tena."

"Mama," Chausiku akamvuta kanga, "wewe sema kwa amani."

"Haya, kwa amani."

Weee! Afisa aliruka juu, akapiga makofi, na askari wote waliokuwa kivulini wakatoka mbio kuja kupiga makofi, na nyota ikabandikwa kwenye paji la uso la Mashavu pale pale. Mama wa watu alitahayari, lakini ukweli wake, moyo ulimchanua. Tangu azaliwe hakuwahi kupigiwa makofi kwa kusema amekuja kwa amani.

"Kwa nini kwa papai?" Chausiku akauliza. "Mtu anakujaje kwa papai?"

Makofi yakakatika. Afisa alimtazama mtoto kama mtu anayesikia hodi kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Swali lile halikuja na majibu matatu ya kuchagua. Halikuja hata na moja. Akainama sikioni kwa Mashavu, akamwambia taratibu, "Usihofu, mama. Atatulia."

Na Mashavu akasema, "Ahsante."

Sasa nizieleze sheria za nchi ile kama alivyozikuta. Sheria mama ni kwamba mtu asimuulize mwenzake swali bila kumpa majibu matatu: moja la kweli, moja la karibu na kweli, na moja la upuuzi. Ukienda kwa fundi cherehani atakuuliza, "Nguo hii ni ya harusi, ya msiba, au ya tembo?" Daktari atakuuliza, "Unaumwa tumbo, mgongo, au meza?" Ukiwa unaumwa jino, shauri yako, ngoja mpaka likufike tumboni. Sheria ya pili, neno "kosa" ni haramu. Anayekosa anaambiwa jaribu tena, na atajaribu mpaka apate. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kukosa katika nchi ile, na watu wake walijivunia jambo hilo mbele ya wageni.

Walimwonyesha Mashavu daraja lao. Fundi mkuu alipewa michoro mitatu. Akajenga ule wa kwanza, daraja likaenda na watu. Tuu, jaribu tena. Akajenga wa pili, likaenda na watu. Wa tatu ukasimama, na fundi akapigiwa makofi mpaka jua likazama, kwa kuwa amepata. Wale waliozama nao walipigiwa makofi, kwa kushiriki.

Mashavu aliyasikia hayo, akaguna kidogo, akapita. Mgeni haulizi mto umekula wangapi. Yeye alikuwa na haraka ya chekechea.

Na chekechea yenyewe, sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Nyumba safi, madirisha mapana, na mbele ya kila mtoto kompyuta, yale ya zamani yenye kisogo kikubwa kama mtu aliyebeba mzigo nyuma. Kila mtoto kiganja chake juu ya kipanya. Kwenye kioo anatokea bata mwenye kofia, anacheza kidogo, anasema, "Chagua chungwa!" Picha tatu zinajipanga: chungwa, limao, kiatu. Mtoto akibofya kiatu, bata anainamisha kichwa, "Tuu! Jaribu tena." Akibofya chungwa, mvua ya nyota inanyesha kiooni, na makofi yanatoka ndani ya sanduku kama kuna umati wa watu umefichwa humo. Kisha bata anasema, "Inayofuata!"

Hakuna mtoto aliyelia. Hakuna mtoto aliyepigwa. Mashavu alisimama dirishani, kanga mdomoni, machozi yakamlenga.

Mkuu wa nyumba ile, bwana mmoja mnene wa kucheka-cheka, jina lake Bwana Shangwe, akamjia. "Umefurahi, umefurahi sana, au wewe ni dirisha?"

"Nimefurahi sana," Mashavu akajibu, maana mchezo alikwishaujua, naye akapata makofi yake.

Masharti yalikuwa mtoto abaki mle ndani msimu mzima wa mvua, na mzazi akae nje asimchanganye. Chausiku aliketishwa. Akamgeukia mama yake, "Mama, huyo bata kwa nini ana kofia na hana miguu?" Mashavu akasema, "Ngoja, utajifunza." Na bata akasema, "Chagua nyekundu!"

Mashavu alipata kazi ya kufua nguo za waheshimiwa, na chumba kwa mjane mmoja, Bi Kidawa, mjumbe wa Baraza lao kuu. Huyo mama alikuwa mtu wa peke yake nchini mle: alizaliwa kabla ya kompyuta kuja, na nyota alikuwa nayo moja tu, imechakaa.

Siku moja Mashavu alipopeleka majoho barazani akakuta mjadala umewaka. Bi Kidawa amesimama anasema, "Waheshimiwa, naomba tuwaongezee watoto jibu la nne. Liwe 'sijui.' Mtoto asiyejua aruhusiwe kusema hajui."

Kelele! Mjumbe mmoja akapanda juu ya kiti. "Sijui ina picha gani? Hebu tuchoree! Chungwa tunalichora, kiatu tunakichora. Sijui utaichoraje?"

"Haina picha," Bi Kidawa akasema. "Ndiyo maana inamfaa mtoto. Inamlazimu atafute."

"Atafute nini, na sisi tumeshampa majibu matatu?"

"Je, kama jibu lake halimo kati ya hayo matatu?"

Hapo ukumbi ukacheka wote kwa pamoja, cheko la watu waliotishwa. Spika akagonga meza. "Tupige kura. Mnaokataa hoja, mnaokataa sana, au mnaotaka pilau?"

Pilau ikashinda kwa kura nyingi, ikaletwa, ikaliwa, na hoja ya Bi Kidawa ikaondolewa pamoja na sahani.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani yule mjane akamwambia Mashavu, "Mwanangu, nikupe ushauri? Kamchukue mtoto wako. Kesho."

"Lakini mama, anajifunza. Jana nimesimama dirishani nikamsikia anataja herufi zote."

"Nani kakataa? Hata wangu alijifunza. Hakuna alichonidanganya yule bata: chungwa ni chungwa. Wangu sasa ni baba wa watu. Juzi nikamwambia, mwanangu, nina upweke. Alinikazia macho, anangoja. Nikaelewa anangoja nimtajie mengine mawili ili achague."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia, nina upweke, nina njaa, au nina mbalamwezi. Akachagua njaa. Akaninunulia mkate." Bi Kidawa akacheka, halafu kicheko kikamwisha. "Mkate mzuri. Mtoto mwema. Sina la kumlaumu."

Mashavu alisikia. Hiyo ndiyo inayoniuma mimi ninayesimulia: alisikia, na maneno aliyaelewa. Lakini akakumbuka kiganja cha mwalimu wake, akakumbuka mashavu yake mwenyewe. Akasema moyoni, ngoja amalize hesabu kwanza. Akabaki akifua majoho, na mvua ikaendelea kunyesha. Alikuwa akipita dirishani kila siku. Siku za mwanzo alimsikia Chausiku akiuliza, na bata akisema tuu. Baadaye akamsikia akibofya tu. Kwa kweli Mashavu alishusha pumzi. Mtoto ametulia, kama afisa alivyomwambia.

Mvua ziliponyamaza akaenda kumchukua. Bwana Shangwe akamkaribisha kwa makofi, akamweleza utaratibu. Sheria haikuruhusu mtoto akabidhiwe kwa mama. Sharti mtoto amchague mama. Majibu matatu, kama kawaida. Mashavu akasimamishwa kwenye mstari ukumbini. Kushoto kabisa alifungwa mbuzi. Katikati alisimama mpishi wa chekechea, mwanamke mrefu asiyefanana naye hata kidogo. Mashavu akawekwa wa mwisho, kulia.

Hakuwa na wasiwasi. Nani atakuwa na wasiwasi? Mtoto wake amemnyonyesha, amemlaza kifuani. Aliona hata aibu kwa ajili ya yule mbuzi.

Mlango ukafunguliwa. Chausiku akaingia, ameongezeka kimo, nywele zimesukwa vizuri, nyota zimemjaa gauni zima. Macho yake yakapita juu ya mbuzi, juu ya mpishi, yakamfikia mama yake, yakatua. Mashavu akafungua mikono.

"Chausiku!" Bwana Shangwe akaimba. "Chagua mama!"

Mtoto akaenda kushoto, akamgusa mbuzi pembeni.

"Tuu! Jaribu tena."

Akasogea hatua moja, akagusa kanga ya mpishi.

"Tuu! Jaribu tena."

Akasogea tena, akamgusa Mashavu kwa kidole kimoja, kwenye goti. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Nimepata!" Chausiku akasema, na uso wake ukanyanyuka, ila si kwa mama yake, ulikwenda juu, darini, kutazama nyota zitaanza kunyesha kutoka wapi.

Mashavu alipiga magoti akamshika mabega. "Mwanangu, hukunijua?"

Mtoto kimya.

"Ulinijua, au hukunijua, au..." Akaishiwa. Upuuzi haukumjia. "Au ndoo?"

"Nilikujua."

"Basi ilikuwaje ukaanza na mbuzi?" Na bila kungoja, kwa kuwa alishaona macho yale yanangoja, akamalizia, "Uliogopa, ulisahau, au yeye alikuwa wa kwanza?"

"Yeye alikuwa wa kwanza," Chausiku akasema. Na kwa mara hiyo moja akaongeza neno ambalo hakupewa, akalisema kama mtu anayemweleza mgeni kitu chepesi: "Hakuna haja ya kujua, mama. Unaanza mwanzo, unakwenda mpaka wapige makofi."

Bwana Shangwe alikuwa akifuta machozi ya furaha. "Watoto wote hupata," akasema. "Wote! Hajawahi kutoka humu aliyekosa."

Walirudi kwao. Mtoto alijua herufi, alijua rangi, alijua hesabu mpaka mia na wanyama wa nchi ambazo hawatakanyaga. Majirani walikuja kumtazama kama wanavyotazama bibi harusi. Mashavu aliacha kufua mchana, akawa anakaa naye uani, kuku wakinywa maji na kutazama juu. Alimngoja aulize. Alimwonyesha moshi. Alimpa ndizi. Chausiku alisema, "Moshi. Ndizi," akamtazama mama yake mikononi.

Siku moja alikanyaga mwiba, akasimama katikati ya uwanja na mguu mmoja juu, halii. "Panauma wapi?" Mashavu akamkimbilia. Kimya. "Niambie, mama, panauma wapi?" Kimya, na damu inatoka. Mashavu alijizuia, alijizuia jamani, mpaka akashindwa. "Kidole, kisigino, au goti?"

"Kidole," Chausiku akajibu upesi.

Mwiba ulikuwa kisiginoni. Mashavu alipokuwa anauchomoa, mtoto hakutazama mguu wake. Alikuwa akimtazama mama usoni, kuona kama amepata.

Wifi yake Somoe, mke wa kaka yake, alifika wiki ile ile na mzigo kichwani na binti yake Sikudhani mkononi, kitoto cha miaka minne chenye meno ya mbele yamefuatana vibaya. Alikuwa njiani kwenda nchi ile ile. Habari zilimfikia bombani, kama zilivyomfikia Mashavu.

"Nimepita nimwone huyo msomi," akasema. "Hesabu, mwanangu, nikusikie!"

Chausiku akahesabu, moja mpaka mia, hakukwama, hakupumzika. Somoe akajikuta anapiga makofi kabla hajajua anapiga. "Mashallah! Basi wangu naye afike huko, apone na vibao vya huku."

"Wifi, usimpeleke."

"Kwa nini?"

Mashavu akafungua mdomo. Alikuwa na mambo mengi, na yote yalikuwa ya kijinga yakisemwa: mbuzi, papai, daraja, mwiba. Nani atakuelewa ukimwambia mtoto wangu amejua kila kitu na ndicho kinachoniliza? "Michezo yenyewe si mibaya," akaanza. "Bata hana neno. Ni kule kumwachia. Somoe, huyu alikuwa anauliza. Sasa haulizi."

"Mtoto asiyesumbua, nawe unalalamika!" Somoe akacheka, akajitwisha mzigo wake. "Wifi, sema tu unataka wako awe peke yake. Wivu huo. Mimi nilikupigia vigelegele ulipoondoka."

"Sina wivu. Kaa leo, angalau leo, nikueleze vizuri."

"Nitakosa nafasi. Sikudhani, muage shangazi."

Wakatoka. Mashavu akawafuata mpaka kwenye kona ya ua, hakuweza kuwashika. Mtoto ni wa mwenyewe. Akasimama pale, kanga machoni, na Chausiku amesimama pembeni yake, ametulia.

Nanyi mnaolea, siwaambii mvunje kioo cha kompyuta. Nawaambieni tu alichokisikia Mashavu pale konani, maana sauti ya mtoto husafiri mbali njia inapokuwa tupu.

"Mama, kwa nini shangazi analia?"

"Twende, mwanangu. Huko watakufundisha."

"Kwa nini yule dada halii? Mama? Kwa nini yeye halii?"

"Ngoja," Somoe akasema, na wakapinda.